Gesi za Kupoza na Upatanifu Wake katika Viyoyozi vya Magari ya Zamani: Mazingatio kwa Karakana za Namuwongo, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza aina za gesi za kupoza zilizotumika katika viyoyozi vya magari, pamoja na masharti ya upatanifu wa kila aina na mafuta, raba, kikaushio na kondensa za mfumo unaoipokea. Yanaangazia magari ya zamani yanayokarabatiwa katika karakana ndogo za mijini, na kuichukua Namuwongo, Kampala, kuwa mahali pa mfano. Hoja kuu ni kwamba gesi haibadilishwi peke yake: anayebadilisha gesi hubadilisha mfumo mzima, ajue asijue. Makala yanaonyesha pia jinsi mwinuko wa Kampala unavyoathiri usomaji wa geji, hatari za njia za mkato zinazozoeleka, na namna ratiba ya Marekebisho ya Kigali inavyoelekea kurudisha katika R-134a matatizo yaliyowahi kuonekana katika R-12. Mwisho, yanapendekeza hatua za kisera na za kiistilahi, kwa kuwa neno moja "gesi" linabeba vitu ambavyo havipaswi kamwe kuchanganywa.

Maneno muhimu: gesi ya kupoza, kiyoyozi cha gari, upatanifu, Itifaki ya Montreal, Marekebisho ya Kigali, istilahi za ufundi

1.0 Utangulizi

Namuwongo ni mtaa ulio kusini-mashariki mwa kitovu cha Kampala, katika Divisheni ya Makindye, chini ya kilima cha Muyenga. Unapakana na Eneo la Viwanda, na karibu yake hupita reli pamoja na mfereji wa Nakivubo unaopeleka maji ya mji kwenye Ziwa Viktoria. Pahali pa namna hii, ambapo viwanda na makazi ya watu wa kipato cha chini vimekaribiana, ndipo ufundi mdogomdogo hustawi: uchomeleaji, ufundi umeme, ukarabati wa injini na ukarabati wa viyoyozi vya magari.

Magari mengi ya Uganda huingia nchini yakiwa yameshatumika kwingine, hasa Japani. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, imezuia uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Hata hivyo, sheria hiyo inahusu gari linaloingia, si lile lililokwisha kuingia. Gari lililovuka mpaka miaka ya 1990 linaweza bado kuwa barabarani, limebadilishwa injini mara moja au mbili, na kiyoyozi chake kimepitia mikono ambayo haikuandika popote ilichokifanya. Kwa hiyo karakana moja inaweza kupokea, katika juma moja, magari ya vizazi vitatu tofauti vya gesi ya kupoza.

Mwenye gari anapofika hulalamika kwamba kiyoyozi hakipozi, na ombi lake huwa moja: "weka gesi". Ombi hilo lina dhana mbili zisizo sahihi. Ya kwanza ni kwamba gesi hutumika na kuisha kama petroli. Ukweli ni kwamba mfumo wa kiyoyozi umefungwa. Gesi ikipungua, imevuja. Ya pili ni kwamba gesi ni gesi. Dhana hii ya pili ndiyo inayoshughulikiwa zaidi katika makala haya, kwa sababu madhara yake humfikia mwenye gari mfukoni, humfikia fundi mwilini, na huifikia nchi katika hesabu inazowajibika kuzitoa kimataifa.

2.0 Mzunguko wa Kupoza kwa Muhtasari

Kiyoyozi hakitengenezi baridi; huhamisha joto. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, hunyonya mvuke wa gesi wenye shinikizo la chini na kuubana hadi uwe na shinikizo na joto la juu. Mvuke huo huingia katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, hupoteza joto kwa hewa inayopita, na kugeuka kuwa kioevu. Kioevu hupita katika kikaushio, ambacho mafundi hukiita draya, kinachonasa unyevu na takataka. Kisha hupita katika vali ya upanuzi, ambapo shinikizo hushuka ghafla, na kuingia katika ivaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Humo huchemka kwa joto la chini, na katika kuchemka hufyonza joto la hewa iendayo kwa abiria. Mvuke hurudi kwenye kompresa na mzunguko huanza tena.

Mambo mawili katika maelezo haya ni ya msingi kwa yatakayofuata. Kwanza, kompresa haina mahali pengine pa kupatia ulainishaji isipokuwa mafuta yanayosafiri pamoja na gesi. Mafuta yasipochanganyika na gesi hubaki yametuama ndani ya ivaporeta, na kompresa husagika. Pili, kila sehemu ya mfumo imepimwa kwa tabia za gesi maalumu: upana wa tundu la vali, eneo la kondensa, mkazo wa swichi ya shinikizo, na aina ya raba katika viungo.

3.0 Vizazi Vitatu vya Gesi

3.1 R-12

R-12, ambayo kikemia ni diklorodifloromethani, ilitangazwa mwaka 1930 kutokana na utafiti wa Thomas Midgley na wenzake nchini Marekani, na ikajulikana kwa jina la kibiashara la Freon. Haikuwaka, haikuwa na sumu kali, na ilidumu. Packard ilipotoa kiyoyozi katika magari yake ya mwaka wa modeli 1940, gesi ya aina hii ndiyo iliyotawala, na iliendelea kutawala kwa zaidi ya nusu karne.

Sifa ya kudumu ndiyo iliyogeuka kuwa kosa lake. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hii hazivunjiki katika hewa ya chini. Hupanda hadi angatando, huvunjwa na mionzi ya jua, na kuachilia klorini inayoharibu ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987 na kuanza kutumika Januari 1989. Uganda iliiridhia mwaka 1988. Nchi zilizoendelea ziliacha kuzalisha R-12 kuanzia 1996, na nchi zinazoendelea zikafikia ukomo huo tarehe 1 Januari 2010.

3.2 R-134a

Kati ya mwanzo na katikati ya miaka ya 1990, watengenezaji wakubwa wa magari walihamia R-134a, yaani tetrafloroethani. Haina klorini, hivyo haidhuru ozoni. Lakini huhifadhi joto angani: katika hesabu zinazotumiwa na Marekebisho ya Kigali, kilo moja ya R-134a inalingana na kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. R-12 ilikuwa mbaya zaidi, kwani kilo yake moja inalingana na kilo 10,900. Magari mengi ya Uganda yanayokarabatiwa leo yalitoka kiwandani na R-134a.

3.3 R-1234yf

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006 lilipiga marufuku, kwa magari yote mapya kuanzia 2017, gesi zenye uwezo wa kuongeza joto unaozidi 150. Iliyochukua nafasi kwa wingi ni R-1234yf, ambayo uwezo wake ni mdogo sana na huvunjika angani baada ya siku chache. Ni ghali, na huwaka kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo mashine, mipira na ivaporeta zake zina viwango vya pekee. Magari ya kizazi hiki yatafika kwa wingi Afrika Mashariki yatakapokuwa yameshatumika, kama yalivyofika yaliyotangulia.

4.0 Mipaka ya Upatanifu

4.1 Mafuta

Kompresa za R-12 zilitumia mafuta ya madini. R-134a haichanganyiki na mafuta hayo. Inahitaji mafuta ya sintetiki, aidha ya aina ya PAG au ya esta. Fundi anayetoa R-12 na kuingiza R-134a bila kugusa mafuta hupata baridi siku hiyo, na mteja huondoka ameridhika. Baada ya muda mafuta ya zamani hujikusanya mahali pasipofaa, na kompresa huanza kupiga kelele. Kwa kuwa kasoro haionekani papo hapo, lawama haimrudii aliyeisababisha.

PAG ni chaguo la kiwandani kwa mifumo mingi ya R-134a, lakini hufyonza unyevu wa hewani kwa kasi. Chupa iliyoachwa wazi usiku mmoja karibu na bonde lenye unyevu kama la Nakivubo haifai tena. Aidha, PAG haivumilii mabaki ya klorini yaliyoachwa na R-12. Kwa mfumo unaohamishwa kutoka R-12, mafuta ya esta huwa salama zaidi, kwa sababu huvumilia mabaki ya mafuta ya madini na ya klorini.

Tahadhari nyingine inahusu magari ya mseto, yanayotumia petroli na umeme. Kompresa zao nyingi huendeshwa kwa umeme wa volti za juu, na nyaya za mota huogelea katika mafuta yaleyale ya gesi. Mafuta yake ni ya esta maalumu yasiyopitisha umeme. Kiasi kidogo tu cha PAG, hata kile kilichobaki ndani ya mpira wa geji uliotumika kwenye gari lililotangulia, kinaweza kudhoofisha uzuiaji wa umeme na kuharibu kompresa.

4.2 Raba na mipira

Molekuli ya R-134a ni ndogo kuliko ya R-12. Mipira ya zamani isiyo na utando wa nailoni ndani huipitisha taratibu. Mara nyingi mipira iliyokwisha kulowana mafuta ya zamani huvuja kidogo kuliko inavyohofiwa, lakini mpira uliopasuka au kukauka haufai kusamehewa. Oringi za naitrili ya kawaida zilizozoea R-12 hubadilika umbo zinapokutana na gesi na mafuta mapya. Oringi za naitrili iliyohaidrojenishwa, ambazo aghalabu huwa za kijani au buluu, hufaa kwa gesi zote mbili. Rangi, hata hivyo, si ushahidi wa kutosha. Kinachotakiwa ni chanzo kinachoaminika.

4.3 Kikaushio

Chembe za kukaushia zilizokuwa katika draya za R-12 hazikubuniwa kwa R-134a, na zinaweza kuvunjika na kuziba vali ya upanuzi. Draya mpya zina chembe zinazofaa gesi zote mbili. Zaidi ya hayo, draya yoyote iliyokaa wazi imeshajaa unyevu. Unyevu ndani ya mfumo huganda kwenye tundu la vali, na pamoja na gesi na mafuta huzaa asidi zinazokula chuma kutoka ndani.

4.4 Shinikizo na kondensa

Kwa nyuzi 0 za Selsiasi, shinikizo halisi la R-12 ni takriban kilopaskali 308 na la R-134a ni 293. Kwa nyuzi 60, hali hugeuka: R-12 huwa 1,526 na R-134a 1,682. Maana yake ni kwamba upande wa joto, R-134a huibebesha kompresa mzigo mkubwa zaidi. Kondensa ya zamani yenye bomba moja lililopindwapindwa, iliyoitosheleza R-12, inaweza kulemewa gari linaposimama katika msongamano. Kwa sababu hiyo mfumo uliohamishwa hujazwa R-134a kwa takriban asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kiwandani. Anayejaza uzito uleule anazidisha.

5.0 Kampala na Kosa la Geji

Vitabu vingi vya ufundi huandikwa kwa usawa wa bahari. Kampala iko takriban meta 1,200 juu ya usawa huo, na shinikizo la hewa yake ni takriban kilopaskali 88, ilhali Mombasa au Dar es Salaam ni karibu 101. Tofauti hiyo ina athari tatu za moja kwa moja.

Athari ya kwanza iko katika kunyonya hewa. Kitabu humwagiza fundi aendeshe pampu hadi geji isome inchi 29 za zebaki chini ya sifuri. Kampala haiwezekani: hata utupu kamili husomeka kama inchi 26 hivi. Fundi asiyejua hili anaweza kuilaumu pampu nzima, au kutafuta uvujaji usiokuwapo. Kwa upande mwingine, geji ya kawaida haitoshi kuonyesha kama unyevu umetoka. Maji yenye nyuzi 27 huchemka shinikizo likishuka hadi kilopaskali 3.6, na tofauti kati ya kufikia na kutofikia hapo ni karibu inchi moja tu ya geji. Muda wa kutosha wa pampu na kipimo cha utupu chenye usahihi ndivyo vinavyoamua.

Athari ya pili iko katika kusoma shinikizo la chini. Geji hupima tofauti na hewa ya mahali ilipo. Kwa hiyo Kampala husoma kilopaskali 13 hivi zaidi kuliko pwani kwa hali ileile ya gesi. Katika upande wa baridi, kosa hilo hulingana na takriban nyuzi moja ya joto. Si kubwa, lakini likiongezwa juu ya makosa mengine humfanya fundi atoe gesi isiyostahili kutolewa.

Athari ya tatu iko katika kondensa. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa joto lilelile, meta moja ya ujazo ya hewa ya Kampala ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko ya pwani. Feni dhaifu ambayo Mombasa ingevumilika, Kampala huacha shinikizo la juu lipande gari linapotambaa barabarani. Kabla ya kuishuku gesi, feni na usafi wa kondensa vikaguliwe.

Jambo la nne halitokani na mwinuko, bali huwapata mafundi popote walipo. Kwa nyuzi 25, gari likiwa limezimwa, R-12 husimama kwenye kilopaskali 652 na R-134a kwenye 665. Tofauti hii haionekani kwa geji ya kawaida. Kwa maneno mengine, geji haiwezi kumwambia fundi ni gesi gani iliyo ndani. Viunganishi vya kujazia humsaidia kidogo, kwani vya R-12 huwa vya kufunga kwa hesi na vya R-134a ni vya kubana kwa haraka vyenye vipimo viwili tofauti. Lakini adapta za bei ndogo zimefuta alama hiyo katika magari mengi. Njia ya kuaminika ni kifaa cha kutambulisha gesi.

6.0 Njia za Mkato na Hatari Zake

Njia ya mkato ya kwanza ni kuongeza R-134a juu ya R-12 iliyobaki. Mchanganyiko huo huzaa shinikizo la juu kuliko la gesi yoyote kati ya hizo ikiwa peke yake, na gesi iliyochanganyika haiwezi kutumika tena wala kusafishwa kwa urahisi. Mtungi mmoja wa gesi iliyokusanywa kutoka magari kadhaa huharibika wote kwa gari moja lenye mchanganyiko.

Ya pili ni kutumia R-22, gesi ya viyoyozi vya majengo. Kwa nyuzi 60 shinikizo lake hufikia takriban kilopaskali 2,430, ambalo ni kubwa kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko la R-134a. Mipira na sili za gari hazikujengwa kulihimili.

Ya tatu, na ya hatari zaidi, ni kutumia gesi za haidrokaboni, yaani propani na isobutani, au hata gesi ya kupikia. Kiufundi mchanganyiko wa propani na isobutani hupoza vizuri, hukubaliana na mafuta ya madini, na uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni mdogo mno. Majokofu mengi mapya ya nyumbani hutumia isobutani kwa usalama. Lakini jokofu lina gramu chache, halitikisiki wala haligongwi. Gari lina viungo vingi vinavyotikisika, na ivaporeta yake hupuliza moja kwa moja kwa abiria. Gramu 200 za propani zikivuja kwa mkupuo ndani ya gari lililofungwa lenye meta 3 za ujazo hufikia takriban asilimia 4 ya hewa. Propani huanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 2.1. Cheche ya swichi inatosha. Marekani hairuhusu haidrokaboni kuwekwa katika viyoyozi vya magari yaliyojengwa kwa R-12. Gesi ya kupikia ina ubaya wa ziada: hubeba unyevu, salfa na kitia-harufu, na uwiano wa propani na butani ndani yake hubadilika kutoka mtungi hadi mtungi. Mhanga wa kwanza aghalabu si abiria bali fundi mwingine, anayefungua mfumo karibu na moto wa kuchomelea akiamini kwamba ndani mna R-134a.

Ya nne ni mitungi bandia. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua watu nchini Vietnam na Brazil. Ilibainika kwamba mifumo ilikuwa imetiwa gesi iliyodaiwa kuwa R-134a, kumbe ilikuwa na klorometheni, ijulikanayo pia kama R-40. Gesi hiyo humenyuka na alumini na kuunda kampaundi inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Kompresa na kondensa nyingi za magari ni za alumini. Kisa hicho kinaonyesha kwamba maandishi juu ya mtungi hayatoshi kuwa ushahidi.

7.0 Uhamishaji Unaofaa

Gari la R-12 ambalo halivuji lisiguswe. Hakuna faida ya kiufundi kulihamisha. Likiwa limevuja, uhamishaji kwenda R-134a unafaa ikiwa kompresa ni nzima. Utaratibu una hatua zinazofuatana: kutambua gesi iliyomo, kuikusanya katika mtungi wake badala ya kuiachilia hewani, kutafuta na kuziba uvujaji, kuondoa mafuta ya zamani kadiri iwezekanavyo na kutia ya esta, kubadilisha oringi zote zilizofunguliwa pamoja na draya, kuhakikisha kuwapo kwa swichi ya kukata kompresa shinikizo linapozidi, kufunga viunganishi vya R-134a visivyofunguka, kunyonya hewa kwa muda usiopungua nusu saa, na zaidi ikiwa mfumo ulikaa wazi, kujaza kwa mizani, na kubandika lebo yenye aina ya gesi, uzito wake, aina ya mafuta na tarehe.

Hatua ya mwisho ni ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo inayoachwa mara nyingi kuliko zote. Lebo ndiyo barua ya fundi wa leo kwa fundi wa kesho.

Gharama ya kuiachilia gesi hewani nayo inafaa kuonekana. Gramu 500 za R-134a zinalingana na kilo 715 za kaboni dioksidi, sawa na kuchoma takriban lita 310 za petroli. Gramu 800 za R-12 zinalingana na karibu tani 8.7, au takriban lita 3,800. Kujaza mfumo unaovuja kila baada ya miezi michache, bila kuziba tundu, ni kumtoza mwenye gari na anga kwa pamoja. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

8.0 Athari kwa Sera na Istilahi

Marekebisho ya Kigali yalipitishwa Rwanda tarehe 15 Oktoba 2016 na kuanza kutumika Januari 2019. Uganda iliyaridhia mwaka 2018. Kwa kundi lake, matumizi ya gesi za jamii ya R-134a yalipaswa kusimamishwa katika kiwango cha msingi kuanzia 2024, kupunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045. Magari yanayoingia leo yatakuwa bado barabarani wakati ngazi za mwanzo zitakapofikiwa. R-134a ikiadimika na bei yake kupanda, vishawishi vilivyoelezwa katika sehemu ya sita vitaongezeka, sio kupungua. Hatua nne zinastahili kufikiriwa.

Ya kwanza ni forodha. Mfumo wa Uwianifu wa mwaka 2022 umetenga namba 2903.45 kwa tetrafloroethani, jambo linalorahisisha kuhesabu R-134a. Faida hiyo itapatikana tu ikiwa vituo vya Malaba, Busia na Mutukula vina vifaa vya kutambulisha gesi pamoja na karatasi.

Ya pili ni vifaa vya pamoja. Kifaa cha kutambulisha gesi na mashine ya kukusanyia ni ghali kwa karakana ya mtu mmoja, lakini si ghali kwa mtaa. Kituo kimoja cha huduma kwa mafundi wa Namuwongo na Eneo la Viwanda, kinachotoza ada ndogo kwa kila gari, kingeokoa gesi ambayo sasa haina mahali pa kuwekwa.

Ya tatu ni mafunzo. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda nchini Uganda ilikuwa ikipima na kuthibitisha stadi hata za waliojifunza kazini bila kupitia chuo. Umahiri wa viyoyozi vya magari uthibitishwe kwa njia hiyo, na mtihani ujumuishe usomaji wa geji kwa mwinuko wa Kampala. Uuzaji wa gesi kwa jumla ungeweza baadaye kuunganishwa na cheti hicho, lakini baada ya mafunzo kuwafikia mafundi. Sharti likitangulia mafunzo, litawasukuma kwenye mitungi bandia.

Ya nne ni lugha. Katika karakana, neno "gesi" hutaja R-12, R-134a, R-22 na gesi ya kupikia bila kutofautisha. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekipokea miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2021. Hizi ni fursa za kuifanya istilahi iokoe maisha. Makala haya yanapendekeza kwamba neno "gesi ya kupoza" lisitajwe wala kuandikwa bila namba yake, kwa mfano "gesi ya kupoza R-134a". Kwamba "gesi ya kupikia" ibaki jina la kitu kimoja tu. Na kwamba lebo za mitungi na za magari zitumie Kiswahili na lugha ya eneo pamoja na namba hiyo. Namba haihitaji tafsiri, na fundi anayezungumza Kiluganda, Kiswahili, Kiacholi au Kilingala huisoma sawasawa.

9.0 Hitimisho

Swali la gesi ipi inafaa gari la zamani halijibiwi na mtungi. Hujibiwa na mafuta yaliyo ndani ya kompresa, raba iliyo katika viungo, draya, kondensa, na kumbukumbu ya waliotangulia kulishika gari hilo. Uhamaji wa kwanza, kutoka R-12, ulifanikiwa kuokoa ozoni, lakini katika karakana ndogo uliacha magari yasiyo na lebo na mifumo yenye mchanganyiko. Uhamaji wa pili umekwisha kuanza. Ukisimamiwa kwa kuangalia mpaka peke yake, utarudia matokeo yaleyale, na safari hii baadhi ya mbadala zinawaka. Ukimfikia fundi wa kando ya reli ya Namuwongo kwa vifaa, mafunzo na maneno yasiyo na utata, ahadi iliyotolewa Kigali itakuwa imefika mahali inapotekelezwa.